Mji Alioukariri Papa

Majuzi niliingia duka la dawa pale Chaussée d'Ixelles, Brussels, kutafuta kitu cha kikohozi. Mwanamke wa kaunta alifungua kichupa cha mafuta, akaniambia ninuse kwanza. Nilinusa. Ilikuwa mkaratusi. Sikununua kitu. Nilitoka nikasimama kituo cha basi kama mtu aliyesahau anakokwenda, kwa sababu harufu ile ilikuwa imenirudisha mezani kwetu, nina miaka minane, na Papa ameshika bahasha iliyochanika upande, anamwaga majani makavu juu ya kitambaa cha meza.

Majani yale yalitoka Australia. Yalikuwa membamba, yamejikunja, rangi yake kama ya shaba iliyopauka. Kaka yangu Byamungu aliyaokota kando ya mto wa mji wake. Papa alivunja moja, akaliweka chini ya pua ya Mama, halafu chini ya pua yangu.

"Unasikia?" akauliza. "Ni Uvira hii. Ni kule juu ya mulima, nyuma ya nyumba ya masomo."

"Ni dawa ya mafua," nikasema.

Mama alicheka. Papa hakucheka. Alikuwa mwalimu wa historia na jiografia kule Uvira, Congo, kabla vita havijamleta Brussels kusafisha ofisi za watu, na ualimu haukuwahi kumtoka. Alitueleza kwamba mti ule asili yake ni Australia, na kwamba wakoloni ndio walioupanda kwenye milima yetu. "Muti ilikuja kwetu," akasema, "na sasa mutoto amekwenda kwa muti." Aliipenda sana sentensi hiyo. Aliirudia kwa kila mgeni mwaka mzima, na wageni walitikisa kichwa kama waliopewa chakula kizuri. Leo ningemwambia kwamba mti haukuulizwa karatasi. Lakini nilikuwa na miaka minane, na nilikubali kila kitu kilichosemwa na watu waliovaa miwani.

Ninyi wa rika langu, mliokulia mji huu huku nusu ya familia iko bara jingine, mnajua jinsi mtoto anavyopewa habari za kwao: kipande leo, kipande baada ya miezi sita, na katikati anajaza mwenyewe. Mimi nilipewa hivi.

Papa alikimbia kwanza, peke yake. Sisi tulivuka ziwa baadaye: Mama, Byamungu aliyekuwa na miaka saba, Koko, yaani mama yake Papa, na mimi mgongoni. Tulifika kambini Tanzania. Sasa, kwetu mtoto wa kiume akipewa jina la babu yake, anakaa mahali pa babu. Byamungu alipewa jina la marehemu mume wa Koko. Kwa hiyo Koko alimwita bwana yangu. Alimwekea kipande kikubwa cha samaki kama mwenye nyumba, na akichelewa kurudi kutoka mchezoni alimgombeza kwa kumuuliza alikuwa kwa mwanamke gani. Papa mwenyewe, aliyemzaa, alimwita Papa. Ni utani, lakini ni utani ambao watu wanaishi ndani yake na kufia ndani yake.

Siku ya kuandikishwa, karani alimuuliza Koko, "Bibi, unaishi na nani?"

"Na bwana yangu," Koko akajibu, akamsukuma mbele mtoto mwenye makamasi.

Foleni nzima ilicheka. Karani naye alicheka, kisha akauliza, "Huyu ni mwanao, siyo?"

"Ni wangu."

Karani alimtazama Mama. Mama alitikisa kichwa kukubali. Mjane wa peke yake alipewa kona ndani ya kibanda cha wageni. Mjane mwenye mtoto alipewa kibanda chake. Na tena, kwa hesabu za kwetu, nani alikuwa amesema uongo? Kadi ikatoka na majina mawili: Koko na mwanawe. Sisi tukapata kadi nyingine, Mama na mimi.

Papa alipopata karatasi zake Brussels akaomba familia, majina yaliyotoka kambini yalikuwa mke na binti. Byamungu, kwa maandishi, alikuwa mdogo wake Papa. Sisi tukaja hapa. Baadaye Australia ikamchukua Koko pamoja na "mwanawe", ikawapeleka kwenye mji mmoja wa zamani kando ya mto mkubwa, mji wenye kazi ya kuchuma matunda na nyumba za kodi ndogo. Niliambiwa ni kosa la karatasi. Niliambiwa litarekebishwa. Kwa hiyo utoto wangu wote niliupitisha nikisubiri lirekebishwe.

Kila Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, tulichukua metro kutoka kwetu karibu na kanali, ule mfereji wa meli, hadi Porte de Namur, tukateremka Chaussée de Wavre mpaka duka la simu. Papa alitaka kabini ya nne kwa sababu mlango wake ulifunga vizuri. Ndani mlinuka mpira wa simu uliolowa pumzi za watu, na kutoka duka la jirani kulikuja harufu ya makayabu, samaki wa chumvi, iliyoingia kwenye koti langu la kanisani na kukaa humo mpaka Jumatano. Kwetu ilikuwa saa tatu asubuhi. Kwao jua lilikuwa linazama. Hilo pekee lilinitia wasiwasi. Niliona kwamba kaka yangu alikuwa anatumia siku kabla sijafika mimi, na kwamba ananiachia zilizotumika.

"Allô, Papa!" Papa alimpigia kelele mwanawe, kana kwamba sauti inakwenda kwa miguu. "Munaamuka? Ah, munalala! Koko iko muzima?"

"Iko. Anasema umupe Mama salamu. Anasema baridi ya huku haina adabu."

"Bon. Na mto? Imepanda?"

"Imepanda kidogo."

"Imefika gati ya chini ama ya katikati?"

"Ya chini."

Papa aliandika kwenye daftari lake la jalada la bluu. Kila Jumapili aliandika: tarehe, na mahali maji yalipofika. Kisha simu alipewa Mama, ambaye aliuliza maswali ya kweli: unakula nini, nani anakufulia, nani amekupiga. Mimi nilipewa mwisho, wakati kadi ya simu inakaribia kwisha. Sikuwahi kujua cha kumwambia. Nilikuwa nikimuuliza, "Uko?" Naye alijibu, "Niko." Basi.

Nimetaja gati, na lazima nieleze, kwa sababu gati lile ndilo lililoniharibia akili.

Papa alikuwa ameusoma mji ule kama watu wengine wanavyosoma Biblia. Alianza na kitabu kimoja cha Kiingereza alichokipata kwenye maktaba ya mtaa, akakisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa jioni, bado amevaa suruali ya kazi. Halafu alituhubiria mezani, huku fufu inapoa. Nilijua historia ya mji ule kabla sijajua ya Brussels, na ya Uvira sijaijua mpaka leo.

Mwanzoni, alisema Papa, palikuwa na kivuko tu. Mtu mmoja aliyeletwa kutoka Uingereza kama mfungwa alimaliza kifungo chake, akaweka pantoni ya kuvusha ng'ombe na watu, na kando yake akajenga hoteli. Mwenye pantoni ndiye mwenye hoteli: ukichelewa kuvuka, unalala kwake. "Muangalie akili," Papa alisema, kwa sauti ya kusifu na kulaani pamoja. Kisha zikaja meli za moshi zenye magurudumu makubwa ubavuni, zikibeba sufu ya kondoo kutoka bara, marobota juu ya marobota, mpaka mji ukawa bandari katikati ya nchi kavu, mbali kabisa na bahari. Wakajenga gati la magogo mekundu ya ile mikaratusi ya mtoni. Mto ule una tabia mbaya, mwaka huu ni kijito, mwaka ujao unakwenda kulala ndani ya nyumba za watu. Kwa hiyo gati lilijengwa kwa ghorofa, moja juu ya nyingine, ili maji yakiwa popote, meli ipate pa kufunga.

"Na mbele ya ule mufungwa kufika?" niliwahi kumuuliza. Hilo lilikuwa swali langu la kwanza la maana, nafikiri.

Papa alifungua kitabu, akatafuta. "Kulikuwa batu beusi ba mto," akasema. "Batu ba pale, ba tangu zamani. Walivua samaki, walichonga mitumbwi kwa magome ya miti."

"Walienda wapi?"

Akahesabu mistari kwa kidole. "Kitabu kimewapa nusu ya page," akasema, akakifunga. Jioni ile hakuendelea na somo.

Lakini sehemu iliyonipata mimi ni hii: Papa alisema kwamba zamani, mvua zikikosa, meli zilikwama. Zilikaa miezi, mara nyingine karibu mwaka, zimefungwa kwenye matope, zimejaa mizigo, na mabaharia wakisubiri mto upande ili waondoke.

Nilisikia hilo, na kila kitu kikajipanga kichwani mwangu. Kaka yangu alikuwa amekwama. Ndiyo maana Papa aliuliza habari za mto kila Jumapili, ndiyo maana aliandika. Kosa la karatasi lilikuwa jambo la wakubwa. Jambo lenyewe lilikuwa maji. Mto ukifika gati la juu, meli itaondoka na Byamungu, itafika baharini, na kutoka baharini itaingia kwenye kanali yetu, kwa sababu mwalimu shuleni alishatuonyesha kwenye ramani kwamba kanali ya Brussels inafika baharini. Sikumwambia mtu. Kwenye kikundi cha maombi cha Mama, watu walipoombea amani Kivu, mimi nilifumba macho nikaombea mvua Australia. Maman mmoja alinipongeza kwa jinsi nilivyokunja uso. "Mutoto huyu iko na roho," alimwambia Mama.

Mungu, kama yupo, alijibu. Hilo ni moja ya mambo ninayomlaumu kwayo.

Jumapili moja Byamungu alipokea simu akiwa anapumua haraka. "Papa! Maji imefika gati ya juu! Barabara ya kwetu imefungwa. Batu banapiga picha."

Papa aliandika, akapigia mstari mara mbili. Nilimwona. Nilipopewa simu nilimuuliza kaka yangu, "Utakuya?"

 "Nitakuya," akasema. Alikuwa na miaka kumi na tano. Najua sasa kwamba mtu wa miaka kumi na tano anajibu tu.

Nilirudi nyumbani nikatoa nguo zangu kwenye nusu ya kabati. Nilihesabu siku kwa vidole na nikaamua Jumatano, kwa sababu Jumatano shule inaisha saa sita mchana. Siku hiyo sikwenda nyumbani. Nilikwenda kanalini, nikakaa juu ya ukingo wa saruji karibu na daraja. Maji yalikuwa ya kijani ya supu iliyolala. Kulikuwa na baridi yenye unyevu, ile inayopanda kutoka chini kupitia viatu. Zilipita mashua mbili za mchanga. Ya tatu ilikuwa imebeba vyuma chakavu na ilipunguza mwendo, na kwenye ukingo wake alisimama mzungu mmoja na mbwa. Nilimpigia kelele kwa Kifaransa:

"Bwana, unatoka Australia?"

"Natoka Liège, hapa hapa Ubelgiji!" akanijibu.

"Ni mbali?"

"Inategemea na mke wako!" Akacheka, mbwa akabweka, wakapita.

Nilibaki mpaka sikuweza kukunja vidole. Mama ndiye aliyenikuta. Alikuwa ametoka kazini Woluwe, anakohudumia wazee, na mtu wa duka la mikate alimwambia ameona mtoto anakaa kando ya maji. Nilitegemea kofi. Alivua skafu yake, akanifunga kichwani, akauliza nafanya nini pale. Nilimweleza yote: mvua, gati, meli, nusu ya kabati. Mama alinishika mkono, hakuuachia njia nzima. Ndipo nikaogopa.

Kesho yake Papa aliniita mezani. Alifungua kitabu chake mwishoni kabisa, kwenye picha za rangi. Meli ilikuwa pale, imepakwa rangi mpya, magurudumu mekundu, na juu yake wazee wa kizungu wenye kofia wanakunywa chai.

"Reli ilikuya," akasema taratibu. "Reli ikachukua sufu yote. Bandari ikakufa. Hizi meli za sasa ni za batalii. Zinapanda na mto saa moja, zinageuka, zinarudia pale pale."

"Haziendi baharini?"

"Hapana, maman. Haziendi fasi yoyote."

Alikuwa akiniita maman alipotaka kunibembeleza. Nilikaa nikaitazama ile chai. Kisha nikamuuliza lile ambalo ningependa kulirudisha mdomoni. "Alors, kwa nini unamuuliza Byamungu habari ya mto kila Jumapili?"

Papa alivua miwani. Aliifuta kwa ncha ya kitambaa cha meza, muda mrefu, lenzi moja, kisha nyingine.

"Sasa nimuulize nini?" akasema.

Nilidhani ni swali la kweli, na nilijitahidi kulitafutia jibu. Nilimwambia amuulize kuhusu shule.

Miaka ilikwenda. Duka la simu liligeuzwa kuwa duka la nywele bandia. Tukahamia simu za mkononi, tukaanza kumwona Byamungu uso, au nusu ya uso, paji la uso na dari. Kiswahili chake kilisimama pale alipokiacha kambini: mwanaume mwenye ndevu anayesema kama mtoto mdogo. Koko alikufa kule, akazikwa kwenye ardhi nyekundu na mchungaji asiyejua jina lake lote. Baada ya msiba ule nilianza chuo kikuu, na chuo kikuu kilinifundisha kuuliza, au kilinipa ruhusa ya kufanya kwa sauti kile nilichokuwa nafanya tayari.

Nilianza kuuliza hili: Byamungu sasa ana pasipoti ya Australia. Hahitaji visa kuingia hapa. Papa ana pasipoti ya Ubelgiji. Karatasi, ambazo zilikuwa sababu ya kila kitu, si sababu tena. Basi kwa nini hakuna anayepanda ndege? Byamungu alisema kazi. Kila mwaka kazi. Papa alisema tiketi, na nilipopata mshahara wangu wa kwanza nikamwambia nitamnunulia, akasema mgongo. Mtu aliyeinama miaka ishirini juu ya sakafu za ofisi alikuwa na haki ya kusema mgongo, lakini mimi nilikuwa nimemwona usiku wa Krismasi akicheza ndombolo. Aliendelea kuuliza habari za mto. Kwenye kompyuta yake ukurasa mmoja ulikuwa wazi siku zote: ukurasa wa serikali ya kule unaoonyesha kina cha mto, asubuhi na jioni. Alikuwa anajua jibu kabla ya kuuliza.

Mwaka huu Papa amekufa, hospitali ya Woluwe, mchana, huku Mama akimpaka mafuta miguuni. Haikuwa ghafla na haikuwa na maneno ya mwisho. Kesho yake nilikuwa natafuta cheti cha ndoa kwenye faili zake, na kati ya madaftari ya bluu nikakuta nakala ya mahojiano yake, yale aliyofanya Brussels alipoomba sisi tuje. Kurasa nane za Kifaransa, kila ukurasa una sahihi yake chini, sahihi safi ya mwalimu. Ukurasa wa tatu: Una watoto wangapi? Mmoja, wa kike. Una watoto wengine, popote pale? Hapana.

Nilisoma nimesimama. Nilisoma tena. Halikuwa kosa la karani wa kambi. Papa aliulizwa mara mbili.

Mama alikuwa jikoni na maman wawili wa kikundi cha maombi waliokuja kukaa naye. Nilimwita chumbani, nikamwonyesha. Hakuhitaji miwani.

"Faili ya Koko ya Australia ilikuwa imeanza," akasema. "Na mutoto ndani. Kama Papa yako angesema huyu ni wangu, bangeuliza: na ile kadi? Bangefunga faili. Koko angebakia kule peke yake mpaka kufa."

"Kungekuwa na kipimo cha damu, Mama. Damu ingetosha."

"Damu ingemuleta Byamungu. Na Koko, nani angemuleta?"

Nilisema kitu kuhusu mtoto wa miaka tisa aliyeachwa kambini. Nilisema kwa sauti, na jikoni maongezi yakakatika.

"Usimuhukumu Papa yako," Mama akasema, chini sana. "Yeye alitia tu signature. Miye ndiye nilimushika Byamungu mukono, nikamuweka kwa mukono ya Koko, nikapanda gari. Weye ulikuwa unalia juu ya biskuti."

Akarudi jikoni. Nilimsikia akiuliza nani anataka chai.

Nina digrii mbili, na nimejaribu kuipindua hesabu ile kila upande. Ukimwacha mtoto, una mama mzee aliyefika mahali salama akafia kitandani. Ukimchukua mtoto, una mama huyo huyo anayezeeka peke yake ndani ya kibanda cha matope. Nimetafuta mlango wa tatu, na sikuuona. Hasira ingekuwa nafuu, lakini sijapata wa kumpa.

Jioni nilimpigia Byamungu kupanga mambo ya msiba. Kwake kulikuwa kumekucha. Nyuma yake nilisikia tangazo la kituo cha treni, kubwa, lenye mwangwi.

"Uko wapi?" nikamuuliza. Mji ule, Papa alitufundisha, una stesheni ndogo ya matofali.

"Naenda kwa kazi." Tangazo likaisha. "Siko kule tena. Tangu Koko alikufa, nilihama. Niko ku mji mukubwa, kwa bahari. Nakata nyama kwa kiwanda."

"Na mto? Kila Jumapili unamwambia Papa habari ya mto."

"Naangaliaka kwa simu mbele ya kumupigia," akasema. "Alikuwa anafurahi."

 Niliwaona wawili hao, kila mmoja upande wake wa dunia, wanafungua ukurasa ule ule, wanasoma namba ile ile, kisha mmoja anauliza na mwingine anajibu. Nilimwambia kwamba nimeandaa tangazo la msiba, faire-part, ambalo lazima liende kwa mchapaji asubuhi, na nikaanza kumsomea. Jina la marehemu. Mjane wake. Watoto wake—

"Ngoja," akasema. "Usiniandike pale."

"Nikuandike wapi?"

"Koko aliniambia yote, mbele ya kufa. Aliniomba nisimuulize Papa. Sikumuuliza. Nilikuwa nangoya yeye aniambie. Miaka yote nilikuwa nangoya." Treni ilikuwa inaingia, alipandisha sauti, na bado ilikuwa ile sauti ya kitoto. "Alisema mutoto moya. Andika vile alisema. Miye niandike kwa bandugu. Kwa kadi, miye ni mudogo yake."

"Byamungu, hakuna mtu anayeangalia kadi sasa."

"Miye naangalia," akasema. "Treni imefika. Umupe Mama pole."

Nilikaa na tangazo lile mpaka chai ikapoa. Nilimpelekea Mama, nikamweleza. Alilisoma polepole, kidole kikitembea chini ya mistari, kisha akaniambia nifanye alivyoomba, kwa kuwa ni kitu cha kwanza ambacho mtoto huyo amewahi kutuomba. Likachapwa hivyo. Mtoto: jina langu. Ndugu wa marehemu: Byamungu, Australia.

Ijumaa kanisa lilijaa. Byamungu hakuja, na sikuwa nimemtarajia. Baada ya mazishi nilisimama mlangoni karibu na Mama, na watu wakapita kunishika mkono, tonton na maman, wajomba na mama wa Matonge, mtaa wa Wakongo, watu waliokula mezani kwetu wakasikia habari za pantoni na sufu bila kujua walikuwa wanaambiwa nini. Maman mmoja mgeni, aliyehamia hapa juzijuzi, alikuwa na tangazo mkononi. Alinivuta kifuani, akanipapasa mgongo.

"Pole, mutoto wangu," akasema. "Kumbe Papa alizaa weye moya tu?"

Mama alikuwa hapo hapo, anasikia. Nikasema ndiyo.